Faida ya kinu cha malisho huvujia kwenye mkanda

MAVUNO ya masika yanapokwisha katika tambarare za Kahe na Mabogini, kati ya Julai na Septemba, barabara zinazopanda kuelekea Kibosho, Uru, Kirua na Marangu huanza kupitisha pikapu na malori yaliyosheheni mabua ya mahindi na maganda ya maharage. Mzigo huo ni chakula cha ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini kwenye vihamba vya mlimani, ambako nafasi ya kuchunga haipo. Ndizo wiki za neema kwa wenye vinu vya kusagia malisho. Kinu kinachoharibika wakati huo hupoteza mapato ambayo hayarudi mpaka mwaka unaofuata.

Biashara hii haikuzuka tu. Mfumo wa kimataifa wa kugawana mafungu ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ya zao hilo iliporomoka, na kaya nyingi za Kilimanjaro zikageukia maziwa kama chanzo cha fedha za matumizi ya kila siku. Akina mama wa Nronga, Machame, walikuwa wameshaunda ushirika wao wa maziwa mwaka mmoja kabla. Katika kipindi hicho hicho mageuzi ya soko la nafaka yaliliondolea Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC) ukiritimba wake, na vinu vya watu binafsi vikaenea hadi vijijini. Kinu kile kile kinachosaga unga wa ugali, kikibadilishwa chekeche, huparaza mahindi ya kuku na kusaga mabua ya ng'ombe.

Kwa sababu hiyo wenye mitaji midogo huuona mradi huu kuwa mwepesi. Huulizia bei ya kinu, bei ya mota na bei ya pumba sokoni Mbuyuni au Himo. Ni wachache wanaouliza swali linaloamua kama mradi utalipa au hautalipa: nguvu ya mota inafikaje kwenye nyundo?

Nyundo hupiga, hazikati

Ndani ya kinu mna shafti iliyofungwa sahani za chuma, na kwenye pini za sahani hizo huning'inia vipande bapa vya chuma. Hivyo ndivyo vinavyoitwa nyundo. Kinu kikizunguka, nyundo hutanuka na kuipiga nafaka hewani, kisha chembe zilizovunjika vya kutosha hupenya kwenye matundu ya chekeche. Kinachofanya kazi hapo ni kasi zaidi kuliko uzito wa chuma. Rota yenye kipenyo cha sentimita 50 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha ya nyundo husafiri mita 78 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 280 kwa saa.

Nguvu ya pigo hufuata mraba wa kasi. Kasi ikishuka kwa asilimia 10, nguvu ya pigo hushuka kwa asilimia 19. Punje ambayo ingevunjika kwa pigo moja hudai mapigo mawili au matatu, inazungushwa bure ndani ya kinu, chekeche linajaa, mota inanguruma na mita ya Luku inaendelea kukimbia. Mteja analipa kwa gunia au kwa debe, lakini mwenye kinu analipa umeme kwa uniti.

Chukua mfano wa mota ya nguvu-farasi 10, ambayo ikibeba mzigo wake wote hula uniti 8 na zaidi kwa saa. Gunia lililokuwa likimalizika kwa dakika 10 sasa linachukua 13. Kwa magunia 30 ya siku moja, dakika tatu hizo ni saa moja na nusu ya ziada, yaani uniti 12 hivi ambazo hakuna mteja aliyezilipa. Ubaya wa hasara hii ni kwamba kinu hakijasimama. Kinazunguka, kinatoa unga, wateja wapo kwenye foleni, na mwenye mali anaamini kuwa biashara inakwenda vizuri.

Hesabu ya puli

Mota za umeme wa njia tatu zilizozoeleka kwenye vinu huzunguka mara 1,440 hivi kwa dakika, ilhali kinu kinataka 3,000 au karibu yake. Tofauti hiyo huzibwa na puli. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: zidisha kasi ya mota kwa kipenyo cha puli ya mota, kisha gawanya kwa kipenyo cha puli ya kinu. Puli ya milimita 260 kwenye mota na ya milimita 125 kwenye kinu hutoa mizunguko 2,995. Injini ya dizeli ya mwendo wa polepole, ile ya muundo wa Lister yenye magurudumu mazito, mara nyingi huzunguka 650 tu kwa dakika. Hiyo huhitaji puli kubwa zaidi, mathalani milimita 600 kwa milimita 130, ndipo kinu kifike 3,000.

Penye kosa ni pale mota inapoungua na nyingine kuukuu kununuliwa haraka haraka. Mnunuzi husoma nguvu-farasi kwenye kibati cha mota, hasomi mizunguko. Akifunga mota ya mizunguko 960 kwa puli zile zile, kinu kitazunguka chini kidogo ya 2,000 na mabua yatatoka yakiwa yamechanwa tu. Akifunga ya 2,880, kinu kitapelekwa karibu mizunguko 6,000, na nguvu inayozivuta nyundo kutoka kwenye pini zake itakuwa mara nne ya ile iliyokusudiwa na mtengenezaji. Nyundo ikichomoka kwa kasi hiyo hupasua chekeche, na bati jembamba la kinu haliwezi kuizuia. Mota kama hiyo haifai kuwashwa hata kwa majaribio kabla ya puli kubadilishwa.

Njia nyingine ya mkato ni kutafuta kasi kwa kupunguza puli ya kinu. Puli ndogo huukunja mkanda kupita kiasi na kuupa sehemu ndogo ya kushika. Kwa mkanda wa aina ya B, ambao ndio hutumika sana kwenye vinu vya ukubwa huu, puli iliyo chini ya milimita 125 si ya kuaminika. Ni afadhali kuongeza puli ya upande wa mota.

Wanunuzi wa dizeli wana hesabu yao nyingine, ambayo wauzaji wa mjini hawaitaji sana. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Injini iliyojaribiwa usawa wa bahari ikapelekwa kwenye kijiji cha mita 1,500 itakuwa na pungufu la asilimia 10 hadi 15. Aliyenunua nguvu-farasi 10 zilizokuwa zikimtosha barabara hajanunua 10.

Mkanda wenyewe

Mkanda wa V hushika kwa mbavu zake mbili. Ukiona tumbo la mkanda linagusa sakafu ya mfereji wa puli, na sakafu hiyo inang'aa, ujue mbavu zimeisha au mfereji umelika. Mkanda mpya ukifungwa kwenye mfereji uliolika huisha haraka kama ule wa zamani, na fundi atalaumu ubora wa mkanda. Puli huchongwa upya na mkerezaji au hubadilishwa. Mafundi wa kazi hiyo Moshi wapo, na ofisi ya SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ni mahali pa kuanzia kwa asiyemjua fundi.

Kinu cha nguvu-farasi 10 kwa kawaida huhitaji mikanda mitatu ya B. Mmoja ukikatika, wengi hununua mmoja. Mkanda mpya ni mfupi kidogo kuliko ile miwili iliyokwisha kuvutika, hivyo hubeba mzigo wa wote watatu na hukatika wa kwanza. Baada ya wiki chache hununuliwa mwingine mmoja. Fedha zinazotumika hivyo kwa msimu hupita bei ya seti nzima. Mikanda inunuliwe yote kwa pamoja, ya mtengenezaji mmoja na yenye namba moja, na ibadilishwe yote siku moja. Ile ya zamani iliyo nzima itunzwe kwa dharura.

Kabla ya kukaza, puli zipangwe. Uzi uvutwe kwenye nyuso za puli zote mbili. Ukigusa pande zote nne bila mwanya, puli zimekaa sawa. Puli zilizopishana hula ubavu mmoja wa mkanda, na dalili yake ni unga mweusi wa mpira chini ya mashine. Kisha mkanda ukazwe kwa kuirudisha mota nyuma kwenye reli zake, si kwa kuupiga mkanda bisibisi mpaka upande puli, maana nyuzi za ndani hukatika na mkanda hufa kabla haujafanya kazi. Kipimo ni hiki: pima umbali kati ya puli na puli pale mkanda unaponing'inia, bonyeza katikati kwa nguvu ya wastani ya kidole gumba. Kwa umbali wa milimita 800, mkanda uzame milimita 12 au 13. Ukizama zaidi utateleza. Usipozama kabisa, beringi za kinu na za mota zitavutwa upande mmoja na kuungua. Mkanda mpya hulegea saa za mwanzo, kwa hiyo ukaguliwe baada ya nusu saa ya kazi na tena kesho yake.

Mkanda unaoteleza hutoa harufu ya mpira ulioungua na kelele ya kulia kinu kinapopewa mzigo. Wapo wanaoumwagia soda au kuupaka lami ili ushike. Kweli hushika kwa muda, lakini vumbi la mabua hunata juu yake, mbavu huliwa, na kazi ya kuosha puli inaongezeka. Tiba ni kukaza, au kubadilisha.

Hata hivyo mkanda una wema wake, na ndio unaofanya vinu hivi vifae zaidi vijijini kuliko vile ambavyo mota imeunganishwa moja kwa moja na shafti. Jiwe au boliti ikiingia na rota ikakwama ghafla, mkanda huteleza au hukatika, mota ikapona. Unafanya kazi ya fyuzi, tena fyuzi ya bei nafuu. Mwenye kinu mwenye busara hufunga pia sumaku kwenye mdomo wa kinu, kwani mabua yaliyokusanywa shambani na kufungwa kwa waya huja na waya huo.

Umeme una hatari yake. Vijiji vingi viko mbali na transfoma, na nguvu ya umeme hushuka jioni watu wanapopika na kuwasha taa. Mota ikikosa njia moja kati ya tatu haizimiki. Huendelea kuzunguka kwa shida, inachemka na kuungua kwa dakika chache. Kizimio kinachokata umeme mota inapozidiwa ni gharama ndogo mbele ya kusuka mota upya.

Nyundo, chekeche na beringi

Nyundo ya kawaida ina kona nne. Kona moja ikiisha, nyundo hugeuzwa, na ikigeuzwa ipasavyo hutumika mara nne kabla ya kutupwa. Zigeuzwe zote kwa pamoja. Inapobidi kubadilisha, nyundo zinazotazamana ziwe na uzito mmoja, na mizani ya dukani inatosha kuzipima. Mafundi wengi huzichonga kutoka springi kuukuu za lori, chuma ambacho hudumu, mradi kisichomelewe hovyo kwa welding, kwani hapo huwa kama kioo. Kinu kinachotetemeka kiasi cha kusogea kwenye boliti zake hakina budi kuzimwa na kufunguliwa. Kukiwekea mawe pembeni hakuondoi nyundo yenye ufa.

Chekeche ndilo linaloamua bidhaa. Unga wa ugali hupita kwenye matundu ya milimita 1 hivi. Mahindi ya kuku wa mayai yatoke kwenye matundu ya milimita 4 hadi 6. Mabua ya ng'ombe yapite kwenye milimita 10 hadi 20. Kusaga malisho kwa chekeche la unga ni hasara mara mbili. Umeme mwingi unatumika, na mnyama hanufaiki. Kuku hawapendi vumbi, nalo huwasumbua pumzi. Ng'ombe aliyelishwa mabua yaliyosagwa mno hacheui vya kutosha, chakula hupita tumboni upesi, na mafuta ya maziwa hupungua.

Ni vyema pia mteja aambiwe ukweli kuwa kusaga hakuongezi lishe. Bua lenye protini ya asilimia 4 hadi 6 hutoka na protini ile ile. Faida ni kwamba ng'ombe haachi shina na kuchagua majani, mzigo mmoja unadumu siku nyingi zaidi, na ni rahisi kuchanganya na pumba, mashudu na molasi. Kwa wa Moshi molasi iko karibu, kwani kiwanda cha sukari cha TPC kiko Arusha Chini, kusini ya mji. Lakini molasi ichanganywe baada ya kusaga. Ikimwagwa kwenye mabua kabla, chekeche litaziba kwa gundi na mkanda utakuwa wa kwanza kulalamika. Migomba na majani mabichi nayo hayafai kwenye kinu cha nyundo. Hayo ni ya mashine ya kukatakata yenye visu.

Beringi hufa kwa vumbi, na nyingine hufa kwa grisi nyingi. Beringi iliyoshindiliwa grisi huchemka. Baada ya kuzima kinu na rota kusimama kabisa, mkono uwekwe juu ya nyumba ya beringi. Usipoweza kutulia hapo, kuna kasoro ya grisi, ya mpangilio au ya mkanda uliokazwa kupita kiasi.

Kinu kiwashwe kikiwa kitupu, kifikie kasi yake, ndipo mzigo uingizwe kidogo kidogo kwa kusikiliza mlio. Mlio ukizama, mkono usimame. Jioni kiachwe kizunguke hadi kitoe kilichomo kabla ya kuzimwa, la sivyo kesho yake kitawashwa na mzigo tumboni, na hapo ndipo mikanda mingi hukatika.

Mkanda bila kava ni jambo la kuonea haya. Khanga, mtandio au mkono wa shati ukinaswa hauna muda wa kupiga kelele, maana puli ya kinu hugeuka mara 50 kwa sekunde. Watoto huletwa kinuni na mzigo wa nyumbani. Kava la wavu wa chuma hutengenezwa na fundi yeyote wa kuchomelea kwa siku moja, na aliyekodi kijana wa kuendesha kinu asitegemee kuwa kijana huyo atalidai mwenyewe.

Kinachoingia kinuni

Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 14 huziba chekeche, huvuta mota na huota ukungu gunia likikaa. Ukungu huo si hasara ya mfugaji peke yake. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yenye sumu hiyo, na ng'ombe anayelishwa nafaka ya namna hiyo huitoa sehemu ya sumu kwenye maziwa. Wafanyabiashara wanaonunua mahindi yaliyokataliwa kwa ugali ili "yawe ya mifugo tu" wanairudisha sumu mezani kwa njia ndefu. Kinu kinachosaga vyote viwili kiwe na ratiba: unga wa watu asubuhi baada ya kusafishwa, malisho yenye dagaa na chumvi mchana. Harufu ya dagaa kwenye unga wa ugali hufukuza wateja wa mtaa mzima, na chumvi hula chuma.

Anayesaga kwa ujira mzigo wa wateja na anayechanganya na kuuza chakula cha mifugo kwa jina lake ni wafanyabiashara wa aina mbili. Huyu wa pili anaguswa na sheria ya nyanda za malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo ya mwaka 2010, na ni heri aulizie usajili kwa ofisa mifugo kabla ya kuchapisha mifuko. Aidha, yeye hubeba hatari ya bei. Mahindi huwa nusu au zaidi ya chakula cha kuku, na wanunuzi wa Kenya wakiingia kwa wingi kupitia Holili, bei ya mahindi na ya pumba Himo hupanda bila kungoja mfugaji wa Kibosho ajipange. Mashudu ya alizeti yanatoka Singida na Dodoma, dagaa wanatoka Ziwa Victoria. Nauli imo ndani ya kila gunia. Msagaji wa ujira hana mzigo huo, lakini kipato chake chote kimefungwa kwenye idadi ya magunia kwa saa, yaani kwenye kasi ya nyundo.

Wakati wa kununua vipuri ni Mei, mvua zikiwa bado zinanyesha na kinu hakina foleni. Seti moja ya mikanda, seti moja ya nyundo zilizopimwa, beringi mbili na chekeche moja la mabua huenea kwenye boksi dogo chini ya meza. Anayengoja mpaka Agosti hushuka mjini na kukuta saizi yake imekwisha, anaagiza Arusha au Dar es Salaam, na lori la mabua kutoka Kahe linapakuliwa kwa jirani.